Kabla ya Pombe, Kulikuwa na Nini Ndani? Historia ya Mtungi, Debe na Pipa Ugogo



Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuzungumze pombe. Msinikimbie, sikuja kumhubiria mtu wala kumnunulia mtu kata ya kwanza. Nataka kuandika historia ya chombo. Kila mama anayepika pombe ya mtama hapa Dodoma hufika siku akajiuliza swali moja: chombo kimeharibika, je, anunue kipya kwa bei ya juu, au achukue kilichokwishatumika kwa bei ya kuongea?

Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja katika uwanda huu wa kati, na jibu lake limepinduka kichwa chini miguu juu. Bibi zetu wangejibu bila kufikiri: chukua cha zamani. Leo jibu hilo hilo linaweza kumpeleka mtu hospitali. Sasa ni nini kilibadilika hapo katikati? Ndiyo habari yenyewe.

ENZI YA MTUNGI

Wagogo huita pombe yao ujimbi. Upishi wake kwa ufupi ni huu: mtama au uwele unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa juani, kisha unasagwa. Hicho ndicho kimea. Uji unapikwa, unaachwa upoe, kimea kinatiwa, na baada ya siku chache kitu kinachemka chenyewe bila moto. Kinachujwa machicha, kinanywewa. Richard Burton na mwenzake Speke walikatiza Ugogo mwaka 1857 wakielekea Tanganyika, na katika kitabu alichotoa mwaka 1860 Burton alieleza pombe ya nafaka aliyoikuta bara. Kwa hiyo si jambo la juzi.

Ona kwamba katika upishi huo hakuna hamira ya dukani. Chachu inatoka wapi basi? Nyingine inakuja na kimea, nyingine iko hewani, na nyingine inakaa kwenye chombo. Udongo wa kuchoma una vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Pombe ya safari iliyopita inaacha chachu humo, nayo inasubiri. Mtungi uliopika mara hamsini unaanza kazi mapema kuliko mtungi uliotoka tanuruni jana.

Mtungi mpya una matatizo yake. Unavuja jasho kupita kiasi, unanuka udongo, na pombe yake ya kwanza hainyweki kwa raha. Ndiyo maana haupewi pombe moja kwa moja. Unachemshiwa uji mwepesi au pumba, unamwagwa, unarudiwa, mpaka vile vitundu vizibe. Bibi mmoja wa upande wa Chamwino niliyemwuliza habari hizi alinijibu hivi: "Mjukuu wangu, mtungi mpya ni kama mkwe aliyeingia jana. Mpe kwanza kazi ndogo ndogo, umwangalie. Funguo za ghala utampa baadaye."

Nikamwuliza: na ule wa zamani, bibi, ulijuaje kwamba ni salama? Akacheka. "Ulikuwa wa mama mkwe wangu. Nitaacheje kuujua?"

Naomba jibu hilo mlikumbuke, maana makala yote hii imeegemea hapo. Chombo cha zamani kilikuwa bora kwa sababu wasifu wake ulikuwa unajulikana. Kilifinyangwa na mwanamke wa jirani, kikatumika nyumba moja, na kila mtu pale nyumbani alijua kilichowahi kuingia ndani yake: pombe, maji, basi.

Na pombe yenyewe haikuwa anasa ya mlevi. Peter Rigby, mtaalamu wa mila aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1969, anaonyesha jinsi pombe ilivyofungamana na ng'ombe, ndoa, matambiko na kazi za shamba. Ukitaka watu wakupalilie shamba kwa siku moja, unapika pombe unawaita. Pombe ikiharibika, kazi imeharibika, na katika nchi hii ya mvua chache palizi ikichelewa ni njaa. Kwa hiyo kuchagua mtungi haikuwa shughuli ya mzaha.

RELI INALETA DEBE

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta watu, kodi, maduka na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalikuja kwenye makopo ya bati ya pembe nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, kila kopo likibeba galoni 4 za Kiingereza au zaidi kidogo ya lita 18. Hilo ndilo debe. Neno lenyewe tumelipata kwa Wahindi wenye maduka, na kopo likawa kipimo cha nafaka. Mpaka leo mahindi na mtama tunapima kwa debe, hata kama debe lenyewe siku hizi ni ndoo ya plastiki.

Debe lilikuwa na sifa ambazo mtungi haukuwa nazo. Ni jepesi, halivunjiki likianguka, linabebeka kichwani kutoka kijijini mpaka stesheni. Kwa mama aliyeanza kuuzia vibarua wa reli na watu wa mjini, hilo lilikuwa jambo kubwa. Pombe ilikuwa imeanza kuacha kuwa malipo ya palizi tu na kuwa biashara ya senti, na biashara inataka chombo kinachosafiri.

Lakini hapa ndipo maana ya "kilichotumika" ilipogeuka. Kwa mara ya kwanza chombo cha pombe kilikuwa kimetumiwa na mtu mgeni, mahali pengine, kwa kazi nyingine. Mafuta ya taa yana harufu, kwa hiyo mama alijua lazima asugue kwa majivu na maji moto mpaka harufu iondoke. Pua ilimsaidia. Ambacho pua haikuweza kumwambia ni kwamba viungio vya makopo yale vilizibwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi haina harufu. Pombe ni kitu kichachu, na uchachu hula metali taratibu. Hii ni tofauti kubwa na udongo: mtungi ulikuwa unaachia chachu, debe lilikuwa linaachia metali.

KARANGA ZA KONGWA NA PIPA LA CHUMA

Neno pipa tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa kasiki la mbao la kuwekea mvinyo. Kwa hiyo kwa asili yake ni chombo cha kileo! Lakini pipa lililoenea bara ni lile la chuma la lita 200 na kitu, lililobuniwa Marekani mwaka 1905 na kusambaa dunia nzima wakati wa Vita Kuu ya Pili, likiwa limebeba mafuta ya majeshi.

Miaka miwili tu baada ya vita, mwaka 1947, Waingereza wakaanza mradi wa karanga pale Kongwa, mashariki ya Dodoma mjini. Mnajua kisa chake: walipanga kufyeka ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakaleta matrekta, mengine masalia ya vita, yakavunjika kwenye mibuyu na ardhi ngumu kama saruji, mvua ikawakatalia, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Historia huhesabu karanga zilizokosekana. Mimi nataka mtazame vyombo. Mashine zinataka dizeli na vilainishi, na enzi hizo vitu hivyo vilisafirishwa kwa mapipa ya chuma. Pipa likiisha mafuta halitupwi katika nchi ambayo maji ni ya kutafuta. Linakatwa mdomo, linachomwa moto ndani, linasuguliwa, linakuwa pipa la maji, sufuria ya harusi au chombo cha pombe.

Kwa mama mpishi, pipa lilimaanisha hesabu mpya kabisa. Pipa moja linameza zaidi ya madebe kumi. Palipokuwa na mitungi sita ya kuangaliwa, sasa kuna chombo kimoja, moto mmoja, kuni chache. Ukumbuke pia kwamba kuni Ugogo si za kuokota mlangoni. Mtu asimcheke kwa kuacha mtungi. Alikuwa anafanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa yale aliyoweza kuyaona.

Asichoweza kuona kiligunduliwa kusini mwa Afrika. Mwaka 1929 daktari mmoja wa Johannesburg, A. S. Strachan, aliandika kuhusu maiti alizozichunguza ambazo maini yake yalikuwa yamejaa chuma kupita kiasi. Baadaye ilieleweka kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachushwa katika vyombo vya chuma. Vipimo vilionyesha pombe hiyo kuwa na miligramu 40 hadi 80 za chuma kwa lita, wakati bia ya chupa haifiki hata miligramu moja. Mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Zimbabwe wakaongeza kwamba kurithi nako kuna mchango, yaani mwili wa mmoja unalimbikiza chuma kuliko wa mwingine anayekunywa pipa lile lile. Kwa mnywaji wa miaka mingi, matokeo yake ni ini kuharibika.

Sasa oneni ajabu yake. Katika hili, pipa jipya la chuma lisilopakwa kitu ndani lina kosa lile lile la pipa kuukuu. Upya haukuokoi. Na bati la kupakwa zinki, kama la ndoo zile za kijivu, nalo huachia zinki kwenye kitu kichachu. Mwaka 1991 ulichapishwa uchunguzi wa pombe za kienyeji za Tanzania, sampuli 15 za pombe za kuchachusha, na mbili kati yake zilikutwa na zinki nyingi.

MAJABA YA BULUU

Tufike kwenye enzi yetu. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, mji umejengwa usiku na mchana. Ujenzi unazaa vyombo: ndoo za rangi, ndoo za gundi, madumu ya kemikali. Viwanda vya mijini navyo vinaachia majaba ya plastiki ya buluu. Vyote vinaishia sokoni, vimepangwa vizuri juani, vimeoshwa vinang'aa.

Kwa ajili ya makala hii nilizunguka kuuliza. Kwa kila jaba niliuliza swali moja tu: hili lilikuwa na nini? Majibu niliyopata: "sabuni," "juisi ile nzito ya kiwandani," "dawa fulani hivi ya maji," na moja lililonifurahisha, "halikuwa na kitu, bosi wangu, lilikuwa na hewa." Muuzaji mmoja alinijibu kwa ukweli kuliko wote: "Mimi nimelinunua likiwa tupu. Aliyeniuzia naye alilinunua likiwa tupu."

Hapo ndipo tulipofika. Mama mkwe wa yule bibi wa Chamwino alijua mtungi wake tangu ulipokuwa udongo. Mpishi wa leo anapewa chombo ambacho hata anayekiuza hana habari nacho. Na plastiki ina tabia mbaya: inafyonza. Jaba lililokaa na kemikali kwa miezi haliwi safi kwa kusuguliwa majivu, kwa sababu kilichoingia kwenye kuta zake hutoka kidogo kidogo, hasa likiwekewa kitu chenye uchachu na kilevi. Miongozo ya kimataifa ya viuatilifu inasema chombo kilichoisha dawa kisuuzwe mara tatu, kisha KITOBOLEWE. Kwa nini kitobolewe? Ili mtu asikitumie tena, hata baada ya kusuuzwa mara tatu.

NISIELEWEKE VIBAYA

Wapo watakaosoma hapa na kusema: si tuliwaambia, pombe za kienyeji ni sumu, zipigwe marufuku. Hapana. Tuweke mizani sawa.

Kwanza, si kila balaa linatoka kwenye chombo. Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ukasema imetiwa nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima wakakuta sumu ya bakteria walioota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mama aliyeipika naye alikufa, kwa hiyo hakuwa muuaji. Na hapa hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hao iliwapata kwenye chakula, si kilabuni. Ule uchunguzi wa 1991 nao ulikuta sumukuvu katika sampuli 9 kati ya 15. Ukinunua chombo kipya kabisa ukakijaza mtama wenye kuvu, umefanya kazi bure.

Pili, tazameni nani anabeba lawama. Sheria yetu ya vileo ya mwaka 1968 inazungumza leseni, mahali pa kuuzia na saa za kuuza. Afisa akija kilabuni anauliza karatasi. Mimi natamani aulize pia: mama, pipa hili umelitoa wapi? Na akishauliza, asimwage pombe na kuondoka, amwambie lipi la kununua. Wapishi wengi ni wanawake wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Wamelaumiwa kwa uchafu tangu enzi za mkoloni, wakati kila chombo walichokikuta mkononi kilikuwa mabaki ya mtu mwingine: mafuta ya taa ya mwenye duka, dizeli ya Waingereza, rangi ya mkandarasi.

Tatu, chombo kilichotumika si dhambi. Kenya mwaka 2004 kampuni kubwa ya bia ilianza kuuza Senator, bia ya bei nafuu inayokuja baa ndani ya mapipa ya metali, baada ya pombe haramu kuua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mwaka 2000. Mapipa yale hurudi kiwandani, huoshwa, hujazwa tena, mara nyingi mno. Ni makuukuu, na hakuna anayelalamika, kwa sababu yametengenezwa kwa metali isiyoliwa na uchachu, na tangu yatoke kiwandani yamebeba kitu kimoja tu. Ni ule ule mtungi wa mama mkwe, ila wa chuma cha pua!

BASI TUCHUKUE LIPI?

Kwa niliyoyasoma na kuyasikia, ningemshauri hivi dada au mama anayeniuliza.

Mtungi wa udongo wa zamani ambao nyumba yako inaujua, usiuuze. Kama haujapasuka, huo bado ni chombo bora cha kuchachushia, na joto la mchana la Dodoma unalipunguza wenyewe kwa jasho lake.

Pipa la chuma liishie jikoni. Chemshia uji, kisha uhamishe. Usiiachie pombe ichachuke na kulala humo.

Ukinunua plastiki, ndoo mpya ya lita 20 iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ni bora kuliko jaba kubwa usilolijua. Ndoo tano mpya zinanunuliwa moja moja, mwezi hadi mwezi. Tafuta alama ya glasi na uma, ndiyo alama ya chombo cha chakula.

Ukilazimika kuchukua kilichotumika, kichukue kwa mtu aliyekimaliza mwenyewe: mwokaji aliyemaliza mafuta ya kula, mwenye mgahawa, mwenye duka la juisi. Mwulize. Kama lebo imekwanguliwa, jiulize imekwanguliwa kwa nini. Kama kuna alama ya fuvu au pembe nne nyekundu za hatari, hicho hata maji ya mifugo kisibebe.

Na ukikosa jibu la swali lile moja, yaani kabla ya hapa kulikuwa na nini ndani, jibu ni kukiacha pale pale, hata kama bei ni ya kutupa.

Wenye bibi ambao bado wana mtungi nyumbani, nendeni mkawaulize ulifinyangwa na nani na umepikia shughuli gani. Mkiandika majibu yao mtakuwa mmeandika historia ya Ugogo ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Nami nitafurahi kuyasoma.

Alamsiki.